Uongo wa Kichwa cha Kemia

Msomaji, katika shule zetu limeenea neno moja ambalo husemwa kwa wepesi kama salamu: "Mimi sina kichwa cha kemia." Mvulana hulisema akirudishiwa karatasi iliyojaa wino mwekundu. Msichana hulisema anapochagua masomo. Hata mzazi hulisema, tena pengine kwa fahari, kana kwamba ni alama ya ukoo iliyotoka kwa babu, ikapitia kwa baba, ikamfikia mwana. Hapana anayeuliza neno hilo lilitoka wapi, wala nani alilithibitisha. Leo nakusudia kulishitaki mbele yako. Nasema kuwa ni uongo. Nasema kuwa linadhuru. Na nasema kuwa madhara yake makubwa huonekana mahali ambapo wewe hujafika bado, yaani katika mwaka wa kwanza wa chuo kikuu.

Huko kemia ni lango. Anayetaka kuwa daktari hupita hapo. Anayetaka ufamasia hupita hapo. Wa kilimo, wa mifugo, wa vyakula na wengi wa uhandisi hukutana hapo hapo. Wengi huingia langoni wakicheka, na baadhi yao hawatokei upande wa pili. Katika vyuo vikuu vya Marekani iko desturi ya kuhesabu pamoja makundi matatu ya wanafunzi wa somo: waliopata alama ya D, walioanguka kabisa, na waliojiondoa kabla somo halijakwisha. Jumla ya makundi hayo ndiyo kipimo cha hasara ya somo, na kemia ya mwanzo ni miongoni mwa masomo ambayo hasara yake imewashughulisha walimu kwa miaka mingi. Usidhani kuwa jambo hili ni la ng'ambo tu. Lango ni lile lile Nairobi, Eldoret au Kampala, na vijana wanaojikwaa kizingitini ni vijana kama wewe.

Mfikirie kijana mmoja wa namna hiyo. Alipata A ya kemia katika mtihani wa mwisho wa sekondari. Kijiji kilimfanyia sherehe; mama aliuza mbuzi ili apate nauli na godoro. Muhula wa kwanza haujakwisha, na mtihani wa kwanza wa kemia umemwacha na alama 31 katika 100. Usiku ule, kitandani pake, uongo tulioutaja humjia kwa sura ya rafiki mpole. Humwambia, "Usihuzunike. Wewe huna kichwa cha kemia. Ile A ilikuwa bahati." Naye huusadiki, kwa kuwa aliusikia tangu utotoni. Basi huhama somo, au huacha chuo, na nchi hupoteza daktari mmoja bila ya kuandika popote kuwa imempoteza.

Tumwulize mwongo huyo swali moja: ikiwa kijana hana kichwa, ile A aliipata kwa kichwa cha nani? Mtu hapotezi ubongo njiani baina ya nyumbani na chuoni. Lazima iko sababu nyingine, nayo inafaa itafutwe.

Anza na sufuria ya chai. Maji yanapochemka, mapovu makubwa huinuka kutoka chini na kupasuka juu. Je, ndani ya mapovu hayo mna nini? Fikiri kabla ya kusoma mbele. Mwaka 1983 wataalamu wawili, Osborne na Cosgrove, walitangaza majibu ya watoto na vijana wa New Zealand kwa swali hilo. Wako waliosema mna hewa. Wako waliosema mna joto. Na wengi miongoni mwa wakubwa, waliokwisha kufundishwa sayansi, walisema mna haidrojeni na oksijeni. Jibu la kweli ni mvuke, yaani maji yale yale yaliyogeuka gesi. Kuchemka hakuivunji molekuli ya maji; huitenga tu na wenzake. Tazama ajabu hii: kosa la haidrojeni na oksijeni halikutoka kwa ujinga wa asiyesoma. Lilitoka kwa mtu aliyekariri kuwa maji ni H₂O, akayabeba maneno hayo kama mpagazi abebavyo sanduku lililofungwa, bila ya kujua lililomo ndani.

Huenda ukasema kuwa hao walikuwa watoto, na kwamba chuo kikuu huwanyosha. Mwaka 2002 Douglas Mulford na William Robinson wa Marekani walitangaza matokeo ya maswali 22 ya namna hiyo waliyowauliza wanafunzi wa kemia ya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Hayakuwa maswali ya hesabu ngumu. Yalikuwa maswali ya maana. Waliwauliza mwanzo wa muhula, kisha wakawauliza tena mwishoni. Mwanzo, kwa wastani, mwanafunzi alijibu sawasawa kama maswali 10 katika 22. Mwisho, baada ya mihadhara yote na mitihani yote, alijibu kama 11. Muhula mzima ulimwongezea jibu moja! Hapa, msomaji, hatuwezi kumtwika lawama mwanafunzi peke yake. Jembe likilima msimu mzima na shamba likabaki lilivyokuwa, mwenye busara hulitazama jembe.

Miaka 15 kabla yao, mwaka 1987, Susan Nurrenbern na Miles Pickering walikuwa wamekwisha kupiga mbiu. Waliwapa wanafunzi wa kemia wa vyuo maswali ya aina mbili juu ya jambo moja. Aina ya kwanza ilitaka kanuni na hesabu: gesi ina kadha wa kadha, tafuta kadha. Aina ya pili ilikuwa picha. Huu hapa mtungi wa chuma uliojaa haidrojeni, na nukta hizi ni molekuli zake zilizotawanyika kote ndani. Mtungi ukipoozwa kutoka digrii 20 hadi digrii 20 chini ya sifuri, nukta zitakaa vipi? Haidrojeni katika baridi hiyo ni gesi bado, kwa hiyo nukta hubaki zimetawanyika kote kama mwanzo. Wengi walioweza hesabu walishindwa na picha. Mikono yao ilijua kugawanya na kuzidisha. Macho ya akili zao hayakuona kitu.

Hiyo ndiyo sababu tuliyoitafuta. Kijana wetu wa alama A alifundishwa kujibu, hakufundishwa kuona. Alisoma karatasi za mitihani ya miaka iliyopita mpaka akajua swali la saba hupenda kuuliza nini. Shuleni ilitosha, kwa sababu swali lilirudi na nguo zile zile. Chuoni swali huja limevaa kanzu nyingine, na yeye halijui tena.

Kulikuwa na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Alex Johnstone, ambaye mwaka 1991 alieleza kwa nini kemia huwaelemea wengi. Alisema kuwa kemia hukaa katika ngazi tatu kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ile ionekanayo kwa macho na kuguswa kwa mkono. Ya pili ni ile ya chembe zisizoonekana. Ya tatu ni ile ya alama na hesabu. Mtaalamu huruka kutoka ngazi hii hadi ile bila ya kutambua kuwa ameruka, na mwanafunzi aliye nyuma yake huachwa hewani.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Katika Ziwa Magadi, kusini mwa nchi yetu, magadi yamechimbwa kwa biashara kwa zaidi ya miaka 100, na hutumika katika kutengeneza vioo. Mama zetu huyatia katika chungu ili maharagwe yaive upesi. Chukua kidogo, uyakamulie ndimu. Utasikia yakichemka bila ya moto na kutoa povu. Hiyo ni ngazi ya kwanza, na hata mtoto wa miaka mitano huifurahia. Sasa fumba macho ushuke ngazi ya pili. Chembe za haidrojeni zilizotoka katika asidi ya ndimu zinazikuta chembe za kaboneti zilizotoka katika magadi. Zinakumbatiana, zinapangana upya, na kutokana na mkutano huo huzaliwa maji na gesi ya kaboni dioksidi. Gesi hiyo ndiyo povu uliloliona. Mwisho panda ngazi ya tatu, uandike alama zake kwenye karatasi. Aliyepita njia hii huona kuwa mlinganyo wa kemia ni hadithi fupi iliyoandikwa kwa herufi chache. Aliyeanzia ngazi ya tatu huona herufi tu, na herufi zisizo na hadithi ni mzigo kama mzigo wowote mwingine.

Tutazame tena neno liitwalo moli, ambalo limewatoa machozi wengi kuliko moshi wa kuni mbichi. Wazee wetu wa biashara walikuwa na neno korija, maana yake vitu 20. Mfanyabiashara alisema korija ya nguo, na hakuna aliyelia. Moli ni korija ya wakemia. Tofauti ni ukubwa tu: kwa kuwa chembe ni ndogo mno, korija yao ilibidi iwe kubwa mno. Tangu tarehe 20 Mei 2019 imewekwa rasmi kuwa moli moja ni chembe 6.02214076 × 10²³, yaani tarakimu 602 zikifuatwa na nafasi 21 zaidi. Moli moja ya maji ina uzito wa gramu 18, ambayo ni zaidi kidogo ya kijiko kikubwa cha mezani. Moli moja ya magadi safi yaliyokaushwa ina gramu 106. Basi ukiwa na gramu 53 za magadi hayo, una nusu korija. Kila chembe ya kaboneti huzaa molekuli moja ya kaboni dioksidi. Kwa hiyo nusu korija itazaa nusu korija. Korija ya gesi hiyo ina gramu 44. Nusu yake ni gramu 22. Umemaliza. Hukukariri kanuni, wala hukuhitaji kichwa cha ajabu. Ulihitaji kujua kuhesabu nguo za duka.

Sasa nawageukia baadhi ya walimu wa vyuo, na naomba wanisamehe ukali wangu. Wapo wanaoingia darasani siku ya kwanza na kusema, "Tazama aliye kulia kwako, na tazama aliye kushoto kwako, mmoja wenu hatakuwapo mwisho wa mwaka." Husema hivyo kwa majivuno, wakidhani kuwa ukubwa wa somo hupimwa kwa wingi wa majeruhi wake. Husema kuwa kazi yao ni kupepeta, kutenga punje na makapi. Nami nauliza: mshonaji akiharibu nguo moja katika kila tatu anazoletewa, je, atabandika hesabu hiyo mlangoni ajisifu? Nahodha akifikisha abiria wawili na kumzamisha wa tatu, je, atasema kuwa bahari yake ni ya hali ya juu? Ungo hupepeta nafaka, kwa kuwa nafaka haiwezi kuwa bora kuliko ilivyovunwa. Mwanafunzi si nafaka. Yeye hukua, na kumkuza ndiyo kazi ambayo mwalimu hulipwa mshahara.

Wala hili si neno la huruma tupu, lina ushahidi. Mwaka 2014 Scott Freeman wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walikusanya uchunguzi 225 wa masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu ya vyuo, kemia ikiwa miongoni mwake. Walilinganisha madarasa ya namna mbili: yale ambayo mwalimu husema na wanafunzi husikiliza tu, na yale ambayo wanafunzi hupewa kazi ya kufikiri, kujadiliana na kujibu papo hapo. Katika madarasa ya kusikiliza tu, walioanguka walikuwa karibu 34 katika kila 100. Katika madarasa ya kushiriki, walikuwa karibu 22. Vichwa vilikuwa vya namna moja. Kilichobadilika ni mafundisho. Wale 12 waliookolewa katika kila 100 ndio mashahidi wangu dhidi ya uongo wa kichwa. Kama kuanguka kungalikuwa kwa damu, mafundisho yasingaliweza kuwainua.

Najua litakalojibiwa. Watasema, "Mnataka kushusha kiwango. Je, mtakubali kutibiwa na daktari asiyejua kupima dawa?" La, hatutakubali. Dawa ikizidi huua, na ikipungua haiponyi. Mgonjwa haombi radhi ya mtihani. Nasi tunaomba kiwango kibaki juu palepale kilipo, hata kizidi, maana mtihani wa kukariri ndio ulioshusha kiwango kwa siri. Ulimpa alama A mtu asiyejua lililomo ndani ya povu la maji. Tunachoomba ni ngazi, ili wanaotazama juu wapate pa kukanyagia. Anayeondoa ngazi kisha akamcheka aliye chini hajalinda kiwango. Amelinda cheo chake.

Lakini nisiwapige walimu nikakuacha wewe, msomaji, ukipiga makofi. Unayo sehemu yako katika kosa hili, na siyo ndogo. Wewe ndiwe unayemwuliza mwalimu, "Je, hili litatokea katika mtihani?" na likiwa halitatokea, hufunga daftari. Wewe ndiwe unayenakili majibu ya maabara kutoka kwa jirani, ukaandika rangi ambayo macho yako hayakuiona. Wewe ndiwe unayeona haya kuuliza, ilhali wazee walisema kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kweli ziko shule ambazo vyombo vya maabara ni vichache, na mwanafunzi hushika bureti kwa mara ya kwanza siku chache kabla ya mtihani. Hiyo ni aibu ya wakubwa, na wakubwa watajibu. Lakini sufuria ya chai iko katika kila nyumba, na ndimu na magadi ni vya senti chache. Umaskini wa vyombo hauwezi kuwa kisingizio cha umaskini wa maswali.

Kosa lako jingine ni upweke. Mwanafunzi akianguka kemia hujificha. Husoma peke yake usiku, ili wenzake wasijue kuwa hajui. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika miaka ya 1990, walimu wa kemia wa City College, New York, walianzisha utaratibu mwepesi. Mwanafunzi aliyekwisha kufaulu somo hilo aliongoza kundi dogo la waliokuwa wakilisoma, wakakutana kila juma kufanya maswali pamoja. Kiongozi hakuhubiri wala hakutoa majibu. Aliwauliza wenzake mpaka kila mmoja akaeleza kwa kinywa chake. Utaratibu huo ulifaa, ukaenea katika vyuo vingine vingi. Angalia kuwa haukuhitaji jengo jipya wala mashine ya thamani. Ulihitaji watu wachache walioketi pamoja na kukubali kuonekana hawajui. Ni nani atakayekuzuia kufanya hivyo leo jioni, chini ya mti, nyuma ya bweni lako?

Kwa hiyo nakuachia mambo matatu, nawe uyashike kabla hujalifikia lile lango. La kwanza, usiandike mlinganyo wowote mpaka uweze kuchora chembe zake, hata kwa vijiti mchangani. La pili, usiseme umelijua jambo mpaka umemweleza mwenzako naye akaelewa. Kama hakuelewa, rudi wewe kitabuni, usimlaumu yeye. La tatu, ukianguka katika jaribio, ichukue karatasi yako uisome kama mganga asomavyo dalili za ugonjwa, ujue ni ngazi gani uliyoteleza. Anayejua alipoteleza anaweza kupanda tena. Anayesema "sina kichwa" hukaa palipo chini, na hukaa huko maisha.

Siku moja, Mungu akipenda, utaketi katika chumba kikubwa cha mihadhara, na karatasi ya kwanza itarudi na alama zisizopendeza. Ule uongo wa zamani utakuja kuketi karibu nawe na kukunong'oneza. Usigombane nao. Uulize swali moja tu: "Ndani ya povu la maji yachemkayo mna nini?" Uongo haujui kemia, kwa hiyo utanyamaza. Wewe utajibu, kisha utafungua daftari lako na kuendelea na kazi.